Mguu Peku wa Lovina

Jumatatu, 4 Machi 1839

Nimefika kwa akina Peaslee, wenye kinu cha kusaga. Matope hadi magotini! Chumba nilichopewa kina baridi ya ghala. Nitakula na kulala hapa mpaka picha ya binti yao iishe. Ndivyo Asahel, mume wangu, alivyofanya kazi miaka yote, nyumba kwa nyumba, nami nikimsagia rangi. Sasa yuko kaburini tangu majani yapukutike, na sanduku la rangi nalibeba mimi. Picha yangu ya kwanza peke yangu.

Sebuleni ukoo mzima wa Peaslee unanitazama kutoka ukutani, wote kazi ya Asahel. Mikono ni ile ile kwa kila mtu, kama imetoka kalibu moja. Unisamehe, mume wangu, lakini ndivyo.

Jumanne, 5 Machi

Lovina ana miaka mitano na hatulii. Nimemkalisha kwenye kigoda chekundu. Kaimba, kajikuna, kaniuliza kwa nini nina masharubu. Mama yake, Tryphena, kacheka mpaka kakaa chini – usimjali, Bi Lovering, mdomo wa huyu hauna mlango!

Nimempenda. Macho nitayaacha mwisho, akishanizoea.

Alhamisi, 7 Machi

Leo brashi imenitii. Mtoto kavua kiatu cha kushoto, kakitupa sakafuni, akaendelea kukaa kwa madaha, mguu peku ukining'inia. Nikaupaka vile vile, na vidole vyake, na kiatu chini. Asahel angesema acha upuuzi. Asahel hayupo. Sijawahi kupaka kitu chenye uhai namna hii! Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Ijumaa, 8 Machi

Mpumbavu mimi. Mpumbavu!

Bibi Mehitable, mama mkwe wa Tryphena, aliingia kutazama. Akausogelea mguu uliopakwa. Kisha, taratibu kabisa: "Nani kakwambia huyu mtoto kafa?"

Ndipo nikaona. Watoto waliokufa, Asahel aliwachora hivyo – mguu mmoja wazi, kiatu pembeni. Alianza yeye, wachoraji wengine wakamuiga, na sasa bonde zima linajua maana yake. Hata Ephraim, mwana wa Bibi aliyekufa mdogo, yuko pale ukutani na mguu wake mtupu. Nilidhani alama ile ilikuwa ya Asahel, na imekwenda naye. Kumbe ni ya kila mtu.

Nikasema nitaufuta rangi ikikauka. "Utaufuta kweli," kasema Bibi. Tryphena alimbeba mwanawe akaenda kumvalisha viatu vyote viwili.

Jumamosi, 9 Machi

Lovina hakula. Koo linamuuma. Mchana homa, na vipele vyekundu shingoni. Mezani hakuna aliyenitazama.

Jumapili, 10 Machi

Hawakwenda kanisani. Katika nyumba hii, siku ya Bwana hata sindano haiguswi, hata viazi humenywa Jumamosi. Leo Bibi Mehitable kaniletea brashi kwa mkono wake.

"Mvalishe kiatu."

"Bibi, leo Jumapili."

"Mungu nitaongea naye mimi. Mvalishe!"

Rangi ya chini ilikuwa bado mbichi. Weusi wa kiatu ukaingia kwenye nyama ya mguu, ikawa matope matupu. Nikafuta kwa tambara, nikarudia. Tryphena alisimama nyuma yangu, na kila nikiinua brashi – tayari? Tayari? Mwishowe nikasema tayari. Akapanda ngazi mbio kumtazama mtoto! Ee Mungu. Alitegemea kumkuta homa imepoa.

Haikuwa imepoa.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari kaja, kamtoa damu, kaondoka. Bwana Peaslee, baba wa mtoto, kaniita kwenye banda la kuni. Mtu mpole, unga masikioni.

"Bi Lovering, macho bado hujayapaka."

"Bado."

"Basi panda umwangalie. Wakati bado anayafumbua."

Sikufika mbali. Tryphena alikuwa ameketi kipandio cha juu, miguu imeziba njia. "Mchoraji hapandi hapa," kasema. "Mchoraji akiitwa kitandani, kaitiwa maiti. Mwanangu mzima. Nenda kapake kigoda."

Nikaenda nikapaka kigoda. Namwogopa, na ningefanya kama yeye.

Jumanne, 12 Machi

Nimejaribu macho kwa kukumbuka. Bluu. La, kijivu. Kila nikijaribu yanatoka yale ya Asahel – makubwa, yametulia, ya kila mtoto wa bonde hili. Lovina hakuwahi kutulia hata dakika. Nimeyakwangua. Najichukia kwamba nilikuwa naye siku zote hizo, na nilichokitazama vizuri ni mguu.

Bibi Mehitable kaigeuza picha ya Ephraim ielekee ukutani.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kinu kimesimama. Daktari yuko juu tangu alfajiri. Nimefunga sanduku langu, nikalifungua tena.

Sasa hivi Tryphena kashuka, nywele hazijafungwa, kaja moja kwa moja chumbani kwangu. Nikadhani ananifukuza. Ningemshukuru.

Bado anapumua, kasema.

Akaitazama turubai muda mrefu, ule uso usio na macho. "Ni ya kahawia," kasema, "lakini pembeni kuna kijani kidogo. Jicho la kushoto zaidi. Kwa mbali hukioni." Nikasema nitakumbuka, nitakipaka kama alivyosema. Akatikisa kichwa.

"Daktari akitoka, panda ukayaone mwenyewe. Chukua karatasi zako."

Nikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa ameshafika ngazini.

Nachonga penseli. Mlango wa juu umefunguliwa. Daktari anashuka.