Nilivyoombea Nyota Inyamaze

Jumatatu, 4 Mei
Ndege wengi leo. Nimeshinda dunguni na kombeo, sauti imekauka kwa kuwafukuza. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa, ukiondoka kidogo tu wanamaliza. Jioni kaja shemeji Bosco, mdogo wa marehemu mume wangu. Msalaba umeshachongwa Ifakara, saruji ipo. Jumamosi ya tarehe 23 tunausimika kaburini. Teo ndiye wa kuushika. Mtoto wetu ni huyo mmoja tu, binti.

Jumatano, 6 Mei
Teo kapiga kutoka Afrika Kusini. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu nyota. Ndiyo anayoisomea. Nyota yenyewe ilishakufa, anasema, limebaki gimba dogo lenye sumaku kali ajabu. Labda. Hawana uhakika. Wanaitegea madishi makubwa wasikie kama inatoa mawimbi ya redio. Wamepewa zamu moja, masaa sita, tarehe 23 mchana. Nyota mchana!
Nikamuuliza, na msalaba wa baba yako? Kasema: "Mama, zamu hii tumeiomba miaka miwili. Sitaweza kuja."
Tumeiomba. Yeye na mwalimu wake. Anamwita Mama Profesa. Teo alipougua, huyo mama alimpelekea supu. Supu yangu haifiki huko.
Nina wivu. Na huyo mama, na hiyo nyota pia.

Ijumaa, 8 Mei
Jirani yangu Mama Oktavia, binti yake kaja tena kutoka Kidatu. Kila mwezi anakuja. Kamletea mama yake kitenge. Mama Oktavia kapita nacho mlangoni kwangu mara tatu. Mara ya tatu kauliza, "Wako bado yuko juu huko?" Nikasema wangu yuko kazini. Maharage yameungua.

Jumamosi, 16 Mei
Nimekwenda kwa katekista kuandikisha nia ya misa. Kauliza ninaombea nini hasa. Nikamweleza yote, moyo umejaa. Kaandika.

Jumapili, 17 Mei
Aibu. Nilidhani atafupisha. Kasimama mbele kasoma kila neno: "Mama Teo anaomba nyota anayoitafuta binti yake inyamaze kabisa, mtoto aichoke, arudi nyumbani." Kanisa zima limecheka. Padri kajikohoza. Nje Bosco kaniambia, "Shemeji, sasa unagombana na mbingu?" Halafu kaiweka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Mjinga yule.

Jumatatu, 18 Mei
Teo kapiga. Hakuamkia.
"Mama, umeniombea nishindwe?"
Nikasema hapana. Kisha nikasema ndiyo. Kakata.

Alhamisi, 21 Mei
Hajapiga. Nimekaa dunguni tangu alfajiri, hakuna hata ndege mmoja. Hakuna atakayesema sikufanya kazi. Siku ukiondoka ndiyo hiyo wanakuja. Basi na Teo yuko hivyo hivyo, anaisubiri nyota yake. Sikutaka kuliona hilo. Wivu haujaisha, lakini nimeliona.
Nimemwambia Bosco msalaba usubiri. Kafoka, ndugu zetu wa Chita wameshaalikwa! Nikamwambia mtoto ana zamu.

Jumapili, 24 Mei
Teo kapiga baada ya misa. Kaamkia. Nyota haikusikika. Masaa sita, hakuna kitu. Labda sauti yake ni ndogo mno, labda haielekei huku kwetu. Alikuwa analia. Mama Profesa yupo chumba cha pili, kasema, lakini kapiga kwangu.
Nilifurahi. Ndilo baya lenyewe. Nilifurahi kwanza, ndipo nikaumia.
Nimemwomba msamaha. "Si misa yako, mama," kacheka huku analia. Hata kimya wanakiandika, kinawasaidia. Wataomba zamu nyingine.

Jumanne, 26 Mei
Mvua kidogo asubuhi. Msalaba uko chumbani, nimeuegemeza ukutani upande aliokuwa akilala baba yake Teo. Nimemtumia Teo ujumbe: "Watu wa Chita wanauliza siku, sijawapa. Angalia kwanza zamu yenu mpya ni lini, ndipo upange siku ya kuja. Msalimie Mama Profesa." Hapo nilifuta, nikakaa, nikaandika tena. "Nijibu upesi, mwanangu."