Jina Lako Katika Hati ya Ardhi

Shinyanga, Jumatano

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpelekee mama kabla hujaendelea kusoma, kisha urudi ukae peke yako. Barua hii usiisome barazani. Natumaini kifua chako kimepoa na mvua za huko Bagamoyo hazikukutesa kama za mwaka jana. Sisi huku ni wazima wa mwili. Zuhura ameshamzidi mama yake kwa kimo na anapika wali mtamu kuliko niliopata kula kwa mama, lakini hilo usimwambie mama. Ninakutania kidogo, kaka, nipate nguvu ya kuandika yanayofuata. Naogopa. Ni siku tisa sasa tangu niliposimama bomani.

Ile ardhi yangu ya njia ya Ibadakuli unaijua kwa barua zangu tu. Niliinunua zamani za Mdachi, kabla ya vita, kwa Msukuma mmoja akiitwa Mzee Ngasa. Nilimpa majembe na mitamba, akanipimia kwa miguu yake, tukapanda minyaa kuwa mpaka. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza neno. Sasa malori yaendayo machimbo ya dhahabu ya Geita yanapita mlangoni pangu, na kuna Mzungu anatafuta mahali pa kujenga banda la petroli. Ngasa alikwisha kufa. Mwanawe, Masanja, amemwambia Mzungu huyo kwamba ardhi ni yake, kisha akanishtaki bomani.

Tulisimama mbele ya Bwana Shauri, mwamuzi wa serikali, Masanja upande huu, mimi upande ule. Masanja akasema bila kupepesa macho, "Baba alimkaribisha mgeni, alime, ale na watoto wake. Huku kwetu ardhi ni ya mtemi, bwana. Haiuzwi kama kaniki."

Bwana Shauri akasema kwamba siku hizi ni kweli, mtu hawezi kumuuzia mwenzake ardhi hivi hivi. Lakini waliouziana zamani za Mdachi, serikali itawatambua, mradi wawe na hati, na shahidi mmoja wa hati hiyo awe hai. Nilifurahi mno, kaka. Hati ninayo. Niliitoa kifuani nikampa karani, naye akaisoma kwa sauti. Kuna alama ya dole gumba la Ngasa. Kuna jina la mwalimu aliyeiandika, naye ni marehemu. Na juu yao wote, shahidi wa kwanza, kuna jina lako.

Najua hapo umeshtuka. Wewe hujapata kukanyaga Shinyanga. Lakini unakumbuka marehemu baba alivyokuwa, hati yoyote ya nyumba yetu, hata ya mnazi mmoja, lazima ianze na jina la mkubwa kuwa shahidi, awepo asiwepo. Baba mwenyewe alipokuwa safarini Pangani jina lake liliandikwa vile vile, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikuwa kijana, bila ndugu katika nchi ya watu, nanunua ardhi kwa mara ya kwanza. Nilimwambia mwalimu, "Mtangulize kaka yangu." Wallahi sikuona kwamba nadanganya. Niliona kwamba nakuheshimu.

Bwana Shauri akaniuliza, "Huyu Shabani alikuwapo siku hiyo?"

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maneno yote. Lakini askari alikuwa nyuma yangu, Masanja ananitazama kwa jicho la kucheka, na kinywa changu kikasema, "Ndiyo bwana, alikuwapo."

Akaandika. Akasema barua itakwenda boma la Bagamoyo, nawe utaitwa uape. Tulipotoka nje karani aliniambia pole pole, kwa wema kabisa, kwamba mtu akionekana ameleta hati ya uongo hapotezi ardhi tu, anafungwa. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki nilipita njia gani.

Katika ardhi hiyo ndipo alipolala mtoto wetu, kaka, Shabani mdogo, somo yako. Kaburi lake liko ndani ya minyaa, upande wa barabara, palepale Mzungu anapotaka kujenga. Hilo ndilo linalonikata maini. Nyumba nitajenga nyingine.

Usiku huo nilimweleza mke wangu kila kitu. Kabula ni Msukuma, unajua, na hana papara. Alinisikiliza mpaka mwisho akipepeta mtama, kisha akasema, "Baba Zuhura, mbona mimi nilikuwapo?"

Ni kweli. Tulikuwa tumeoana mwezi uleule. Yeye ndiye aliyebeba matawi ya minyaa katika tenga, Ngasa akimwonyesha pa kuyashindilia, na Masanja huyohuyo ndiye aliyechimba vishimo. Alikula nasi siku ile, Kabula anakumbuka mpaka mboga. Lakini mimi sikumwandika. Haikunipitia hata akilini kwamba mke anaweza kuandikwa. Nilikuandika wewe uliyekuwa mbali, nikamwacha aliyekuwa na udongo mikononi.

"Nitakwenda mimi nikamwambie Bwana Shauri," akasema. "Masanja hawezi kunikana mbele ya uso wangu."

Nilimkataza. Nilimpigia kelele, kaka, jambo ambalo sijapata kulifanya. Akisema yeye alikuwapo, ataulizwa kama wewe nawe ulikuwapo, na Kabula hajui kusema uongo. Hapo nimekwisha. Alirudia kupepeta mtama wake, na mpaka leo hajalitaja tena.

Sasa sikiliza. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana, maana ndani yake nilikuomba uape kwamba ulikuwapo. Nilikwisha kukuandikia hata maneno ya kusema, rangi ya shuka la Ngasa, upande jua lilipokuwa. Kisha nikakuona umeshika msahafu na kifua chako hicho kibovu, unaapa kwa ajili yangu, nikaona haya. Usiape. Wakikuita, sema hukuwapo, na sema kwa nini jina lako limo. Kama barua ya serikali imeitangulia hii na umekwisha kusema hivyo, umefanya vema, sina kinyongo. Nikifungwa, uwapokee Kabula na Zuhura.

Mama mwambie tu kwamba nina shauri la ardhi, asijue zaidi. Msalimie shemeji yangu, mke wako, na shangazi yetu mkubwa, na mwalimu wetu wa chuoni kama bado anaona.

Mimi mdogo wako,
Athumani

Kaka, nimeifungua tena barua. Nilimwita Kabula aniambie salamu zake niziandike, sikumkuta. Zuhura, aliyemfuata mpaka kwa Masanja, anasema mama yake ametoka alfajiri, amevaa kanga zake mpya, na amepita kwanza kwa Masanja, akamwita nje mbele ya wake zake, akamwambia, "Vaa, twende bomani, ukaniambie pale kwamba hunijui." Wameshika njia wote wawili. Nawafuata. Sijui nitasema nini, lakini nilikwisha kumwacha mara moja katika hati, siwezi kumwacha mara ya pili asimame peke yake bomani.