Ng'ombe Niliyepewa Dirma

Resti, nimelikoroga ukweni. Nimelikoroga kabisa!

Jana wazee wa mume wangu Gidahosi walinikaribisha nyumbani kwao hapa Dirma. Nikasimama kushukuru, nikasema, "Nimefurahi kuolewa na Wamang'ati."

Nilisema Wamang'ati, Resti! Mbele ya ukoo mzima! Si ndivyo tunavyowaita kwetu Nambis, hadi mwalimu darasani?

Shemeji mdogo akajaribu kuniokoa: "Bibi, hata timu yetu ya mpira inaitwa Mang'ati."

Bibi yao akamjibu, "Ninyi mnajiita. Huyu anatuita." Akanigeukia. "Wamasai walituita hivyo, maana yake adui. Wakoloni wakaliandika, ninyi Wairaqw mkalipokea. Sisi ni Wabarabaig."

Nikapiga magoti nikaomba msamaha. Akasema yameisha, akanipa ng'ombe wake wa maziwa. Nikapokea haraka. Ningekataaje? Ukikataa ng'ombe umeikataa nyumba.

Ndipo akasema, "Nimembadilisha jina leo. Anaitwa Mang'ati."

Na huku ng'ombe hakamuliwi mpaka aitwe jina lake! Nikamtazama Gidahosi, naye akatazama chini.

Sasa ni asubuhi, niko zizini na kibuyu. Najifanya natafuta kamba ya kumfunga miguu ili nikuandikie kwa simu. Ukoo wote umesimama nje. Bibi amekaa mlangoni pa zizi, ananiambia kwa upole kabisa:

"Mwite, mjukuu wangu. Kwa sauti ile ile ya jana."