Nitauliza Habari za Ghala Nikiwa Hai

Kiongoroni, Rufiji
Jumatano, katikati ya Shaaban, 1323

Mpendwa mpwa wangu Nasor,

Assalamu alaikum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta Unguja ukiwa mzima, wewe na mkeo Waride na watoto wote. Kile kikohozi cha Waride kimetulia? Na mkono wako ulioteguka, umerudi kushika kalamu? Niandikie hata mistari miwili. Tangu vita vianze, kila chombo kinachoingia bila barua yako kinanitia wasiwasi.

Mimi sijambo kwa ulimi tu. Miguu imevimba mpaka magotini, na nikilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo nalala nimekaa. Binti yangu Biasha ananinywesha uji kama mtoto. Sikuandikii haya ili uje. Usije. Siku hizi mgeni huulizwa atokako kabla hajaitikiwa salamu.

Vita vyenyewe viko juu, Matumbi na Kibata. Huku kwenye mikoko tunapata habari, na tunapata njaa. Wakati wa masika vijana walipelekwa kulima pamba ya serikali, madungu ya kulindia mpunga yakabaki matupu, nguruwe wakala walivyotaka. Sasa vijana haohao wamechukuliwa kubeba mizigo ya askari. Watu wanachimba mizizi ya yungiyungi na kuichemsha. Jana Biasha aliniletea uji wa mchele, nami sikumwuliza kautoa wapi.

Na ghala limejaa, au tunaambiwa limejaa. Wewe uliondoka kabla halijajengwa, kwa hiyo nikueleze. Akida wetu, Muhidini, mtu wa serikali, aliagiza kila nyumba itoe kapu la mpunga kila mavuno, uwekwe akiba ya mwaka wa dhiki. Tulitoa. Wazee wakanichagua mimi niwe mdomo wao barazani, kwa kuwa nimesoma na Muhidini huona haya kumfokea mtu aliyesoma. Nikamwuliza, Bwana Akida, tufungulie tuone. Mwaka wa kwanza akasema ufunguo uko bomani. Mwaka wa pili akasema uko kwa karani. Mwaka wa tatu akasema karani amehamishwa, na jambo letu linaangaliwa. Tulirudi nyumbani tukicheka, maana tulikuwa tumeshiba.

Mwaka huu hakuna anayecheka wala anayeuliza. Katika kijiji cha jirani, mtu mmoja aitwaye Seleman alisimama barazani akauliza habari za mtumbwi wake uliochukuliwa na askari. Akaambiwa ulizo hilo ni la mtu aliyekunywa ile dawa ya maji ya wapiganaji. Akafungwa mnyororo palepale. Mkewe hajui mpaka leo kama yu hai.

Sasa, Nasor, nikuambie lililonifanya niombe kalamu. Unamkumbuka Tabu, yule Mmatumbi aliyeolewa na marehemu jirani yetu Mwinyimvua? Ni mtani wangu, na kwa ulimi wake hana mfano. Kabla ya vita, nilipoanza kuvimba, tulikubaliana jambo. Unajua haki ya mtani msibani: hushika jeneza, hulala njiani, maiti haendi mpaka apewe anachotaka, na hakuna anayekasirika. Kwa kawaida ni kuku. Mimi nikamwambia, siku yangu ikifika usiombe kuku. Muhidini hakosi maziko ya mzee. Shika jeneza mbele yake, useme Sadallah haondoki mpaka ghala lifunguliwe, apewe mpunga wa safari. Watu wote wakiwapo, akikataa ataaibika, akikubali tutaona. Nilijua maiti hapaswi kucheleweshwa, nikajiambia kwamba Mola atanisamehe saa moja.

Tabu alicheka mpaka akashika mbavu, akaapa.

Kisha vita vikaanza, na vikaanzia kwao. Mwanamke wa Kimatumbi akisimamisha jeneza mbele ya akida leo, hakuna atakayesema huo ni utani. Watasema ametumwa. Kule juu watu wananyongwa kwa kisa kidogo kuliko hicho. Nikamwita nikamwambia, mtani, ile ahadi tuivunje.

"Ivunje wewe," akasema. "Ukishakufa utanizuia kwa mkono gani?"

"Watakunyonga, Tabu."

"Wajukuu zangu wanakula mizizi, wewe unanitisha kwa kamba! Halafu ufanye haraka, Mzee Sadallah. Miezi mingapi hii unakata roho? Kazi yako kunywa uji tu."

"Naomba kwa heshima ya marehemu mumeo."

"Marehemu alikuwa mwoga kama wewe. Ndiyo maana mlipatana."

Akaondoka akicheka. Biasha alijaribu kusema naye, akafukuzwa kwa mwiko. Nimetuma wazee wawili, nao amewafukuza. Basi hivi ndivyo ninavyolala: kila pumzi ikikwama nafikiri ni ya mwisho, na hofu yangu si ya kaburi, ni ya Tabu kuamka asubuhi na kusikia kwamba nimekufa.

Aliponiita mwoga, alisema kweli, nami nakiri kwako kwa kuwa sina mwana wa kiume wa kukiri kwake. Nilijisifu kwamba ile hila ya jeneza ni werevu. Haikuwa werevu. Nilitaka swali liulizwe nikiwa mahali ambapo Muhidini hawezi kunifikia, na nikamwachia mwanamke mjane asimame mahali pangu. Nilidhani mtu akikaribia kufa hofu ya watu humtoka. Hainitoki. Hata sasa nikiandika jina la akida natazama mlango.

Kwa hiyo nimekata shauri. Keshokutwa, baada ya sala ya Ijumaa, Muhidini atakuwa na baraza hapa. Shaban, mume wa Biasha, na wenzake watatu watanibeba na kitanda changu mpaka mbele yake. Nitauliza mwenyewe, mbele ya watu, afungue mlango. Nikijibiwa, Tabu hatakuwa na la kudai msibani. Nikifungwa, sidhani kama mnyororo utakaa nami siku nyingi. Tabu hajui; Biasha atampeleka kisima cha mbali tangu asubuhi mpaka jioni.

Lakini kama sitajibiwa na nikarudishwa hapa nife, Tabu atatimiza kiapo chake. Kwa hiyo Biasha, niliyemwachia barua ya pili aifiche, atampa Tabu akuletee kwa chombo cha boriti kabla sijafa, akubali asikubali. Mpokee. Mpe chumba cha uani, na uvumilie matusi yake; ndiyo haki yake kwetu.

Nisalimie Waride, nisalimie mama mkwe wako Bi Siti, na mwanao Chiku mwambie kanzu aliyonishonea nitaivaa Ijumaa. Biasha na Shaban wanawasalimu sana. Mola awafungulie riziki na awatandazie amani, ninyi na kizazi chenu.

Barua hii anaileta Abdalah mpakia boriti. Ikikufikia, baraza litakuwa limekwisha. Hata hivyo niombee, na usiombe nipone. Omba tu kwamba nilimaliza kuuliza.

Mjomba wako akupendaye mpaka pumzi ya mwisho,
Sadallah bin Tamimu