Nilisema Nitamsomesha

Muyeye, Malindi

Dada yangu Zubeda,

Asalaam aleikum. Shikamoo. Nipe kwanza habari za goti lako, maana mara ya mwisho nilikusikia kwenye simu ukipanda ngazi huku unahema, nikajua hujaenda kwa daktari na wala huna nia ya kwenda. Ile dawa ya kuchua niliyokuletea kutoka Maskati bado ipo, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Shemeji Athumani naye anaendeleaje na duka lake? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo siwezi kuusemea, na sababu yake utaiona.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Sikutaka kukutumia sauti kwa sababu mwanangu Swafiya anajua kuifungua simu yako kuliko wewe mwenyewe, na haya si maneno ya kusikiwa na mtoto. Nimempa Mwanaesha, mpangaji mwenzangu, anayekuja huko kwetu Amu kwa arusi ya binamu yake. Isome mtoto akiwa chuoni, kwenye Qur'ani yake.

Ile sauti niliyokutumia, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikakwambia umfungie mwanangu nguo zake kwa kuwa mama yake amepata kazi, ifute. Sikupata kazi. Mtoto asije. Nimelisema mapema ili usisome huku unatumaini.

Sasa nikueleze yalivyokuwa, na ukitaka kucheka cheka, mimi nimeshindwa.

Tangu nije huku nimebisha hodi kwenye shule mpaka mabawabu wananijua. Shule moja ya hapa hapa mjini, mwalimu mkuu alikitazama cheti changu akaniuliza kwa upole, "Mama, wewe uliondoka bado kuna darasa la nane, siyo?" Nikamwambia naam. "Sasa kuna gredi. Mtaala ni mpya, una mafunzo yake. Ulihudhuria?" Nikamwambia nilikuwa Maskati. Akasema, "Basi," akanirudishia karatasi zangu, zote zimenyooka vizuri, hata kikunjo hakuzitia.

Gongoni nilikwenda kwa bodaboda, nikapita kwenye mashamba ya chumvi na jua linamulika chini na juu, nikafika macho mekundu kama niliyetoka kulia. Huko walinikaribisha maji. Mwenye shule akasema anatafuta mwalimu wa hesabu. Nikamwambia mimi ni wa Kiswahili. Akacheka, bila ubaya wowote, akasema, "Kiswahili tunagawana tu sisi wenyewe, mama. Kiswahili kila mtu ako nacho." Nikalisikia lile "ako nacho" likipita mbele yangu, nikameza mate nikaaga.

Na wote, dada, wote huishia kwenye swali moja. Miaka yote ile ulikuwa ukifanya nini? Nikisema ukweli ni shida, nikisema uongo ni shida. Karatasi za safari zimeandika mtumishi wa nyumbani, na kweli nimefua na nimepiga deki. Lakini wewe unajua Bibi Salma, mwenye nyumba ile, aliniweka kwa kazi gani. Yule bibi alizaliwa Unguja, na wajukuu zake walikuwa hawajui hata kumwitikia kwa lugha yake. Akaniambia siku ya pili tu, "Rukia, nyumba itafagiwa na mwengine. Wewe nisomeshee hawa watoto, nisije nikafa sijazungumza nao." Basi kila siku baada ya alasiri nilikaa nao sebuleni, mpaka wakawa wanamtania bibi yao kwa Kiswahili, naye anafuta machozi kwa kucheka. Kazi ile niliifanya kwa moyo, na ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna aliyeniandikia cheti chake. Bibi alifariki, watoto wake wakanikatia tiketi.

Hapa Malindi mwanafunzi wangu wa pekee alikuwa mzee wa Kitaliano mwenye nyumba karibu na bahari. Usifurahi. Hakutaka lugha, alitaka maneno ya kumwamrisha mtunza bustani wake. Fagia, fungua, leta, ngoja. Nilipomfundisha "tafadhali" alisema ni refu mno. Nilikuwa nikitoka kwake najiona kama mimi ndiye niliyeamrishwa, lakini angalau nilikuwa na pa kwenda.

Ndipo niliposikia kuna shule ya binafsi Kilifi inatafuta walimu, na mtoto wa mwalimu husoma pale pale bila karo. Nikamuona Swafiya ndani ya sare ile ile kabla hata sijafika. Nilivaa buibui langu la nakshi na bangili aliyonipa Bibi Salma, nikitaka kuonekana mtu. Labda hapo ndipo nilipoharibu. Karani aliingia akamnong'oneza mkurugenzi kwamba mgeni ni mama aliyetoka Uarabuni, na mkurugenzi, mtu wa bara, mwenye heshima zake, akainuka kunipokea. Hakuna aliyewahi kuniinukia. Nikajisahau, nikazungumza kama ninavyozungumza nyumbani.

"Huko ulikuwa unafanya nini?" akaniuliza.

"Nilikuwa nasomesha."

"Watoto wako?"

"La, watoto wa watu. Watano."

Akaweka kalamu chini. "Watano? Na wewe ulikuwa mfanyakazi wa nyumba?"

"Hivyo ndivyo karatasi zinavyosema. Lakini nguvu zangu zote zilikwenda kwa wale watoto."

"Na wamefika wapi?"

"Wawili wamemaliza vizuri. Watatu niliwaacha njiani, kwa kuwa ilibidi nirudi."

"Pole, mama. Si makosa yako."

Nikaona nisiache kitu, nikamwambia na kabla ya safari nimesomesha chuo, huko Amu.

"Hadi chuo?" akauliza, na mimi lile "hadi" sikulitilia maanani.

"Chuo, miaka mitatu. Bila malipo yoyote. Kwa ajili ya Mungu."

Karatasi zangu zilikuwa mezani kwake, na sasa ndiyo nakumbuka hakuzifunua. Akasema, "Watu kama wewe mmebaki wachache. Shule yetu inahitaji mtu kama wewe." Siku chache baadaye akanipigia simu mwenyewe. Nije siku ya wazazi, wanataka kunitambulisha.

Wewe ungeelewa vipi? Mimi nilielewa hivyo hivyo. Nikakutumia ile sauti. Nikamuaga Mtaliano, na nilimuaga kwa furaha.

Siku yenyewe walikuwa wamepiga mahema uwanjani, wazazi wamejaa, na mimi nikapelekwa viti vya mbele, vile vyenye vitambaa. Hata hapo sikushtuka. Nilijiambia shule hii inawaheshimu walimu. Mkurugenzi akashika kipaza sauti, akasema Mungu amewaletea mtu. Akasema mama huyu ameteseka ugenini lakini amesomesha watoto watano wa watu kwa jasho lake, na mwengine akamsomesha hadi chuo, na hakutaka hata ahsante. Watu wakapiga makofi. Nilisikia kuna kitu kimepinda katika maneno yale, lakini makofi yalikuwa mengi, na mimi nilikuwa nimeyakosa muda mrefu. Kisha akasema, "Na leo atawasomesha watoto wetu wanne ambao wazazi wao wameshindwa."

Wakaletwa wanne, wakasimamishwa mbele yangu. Mimi bado nikijiuliza, wanne tu? Nilidhani nitapewa darasa zima. Nikajibu mwenyewe moyoni kwamba hawa pengine ndio wazito wa kusoma, wanaanza kunijaribu nao. Nikawatabasamia, dada. Nikamwita aliye karibu, kasichana kamoja kimo cha Swafiya, nikamuuliza jina lake, na nikasema kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, "Insha Allah nitamsomesha."

Bibi yake akatoka nyuma kabisa, mama mtu mzima wa Kigiriama, amejitanda leso mbili. Akaja akanishika mikono yote miwili, akalia. Akasema, "Mwanangu, Mungu akulipe. Huyu nilikuwa nimemwambia muhula huu akae nyumbani, tuuze mkaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu, mtu wa hapa hapa Malindi, alishaligundua kabla yangu, kwa sababu nilimsikia akisema polepole, "Masikini, hawa kwao kusomesha ni kulipa karo."

Nikamwambia yule mama, "Mama yangu, mimi ni mwalimu. Nimekuja kutafuta kazi."

Akanitazama, mikono yangu bado ameishika. "Kwani hukusema utamsomesha?"

"Nilisema, mama."

Hakunitukana. Aliniachia mkono mmoja, kisha wa pili, akamshika mjukuu wake wakarudi kukaa. Kuna mtu akacheka, na baada ya huyo wakacheka wengi. Mkurugenzi akawaambia wanafunzi waimbe.

Ofisini hakunifokea, aliniletea soda. Akasema, "Ungesema kufundisha, mama, tungeelewana. Kusomesha ni kugharamia. Sisi hapa tunatumia Kiswahili sanifu." Nimezaliwa Amu, nimefunzwa lugha hii na mama yetu kabla sijajua kutembea, kisha nikaisomea nikapata cheti, na mtu ananieleza neno langu mwenyewe huku amenifungulia soda. Nilikuwa na ya kumjibu, lakini sikwenda pale kushinda, nilikwenda kutafuta kazi. Nikamuuliza hiyo nafasi ya Kiswahili. Akasema ilishajazwa, anafundisha mwalimu wa michezo.

Mtaliano nilirudi kwake nikiwa nimeshameza kiburi chote. Mtunza bustani ndiye aliyenifungulia geti. Akaniambia kwa aibu kwamba mzee hahitaji tena masomo, kwa sababu yeye mtunza bustani ndiye aliyejifunza Kitaliano cha kumtosha mzee. Nikamwambia hongera.

Kwa hivyo sasa nipo tu. Mwenye nyumba wangu, Mama Kadzo, ananipa kazi ya kumuuzia mahamri asubuhi hapa Muyeye, na watoto wa shule wakija kununua wananiita mwalimu, sijui nani aliwaambia. Mmoja aliniletea insha yake nimsahihishie, imetapakaa "ako na" kila mstari. Nilimsahihishia yote, kisha nikamwambia asimwonyeshe mwalimu wake. Nimekuwa mtu mchungu, Zubeda. Nikisikia redioni mtu anasifu Kiswahili cha pwani nazima. Wanakisifu, lakini mwenye nacho hawamtaki. Huwa nalala namkumbuka yule mtoto aliyesimama mbele yangu na bibi yake, maana wangu ahadi yake ameipata kwa simu, huyu aliahidiwa mbele ya watu.

Najua utasema nirudi nyumbani. Nikirudi nitakaa kwako, nile kwako, mwanangu na mimi tulale chumba kimoja cha shemeji, na ndugu wa shemeji wanione kila siku. Niache nijaribu mpaka muhula ujao. Nimesikia kuna mafunzo ya huo mtaala mpya Kilifi. Siahidi kitu, na wewe usiahidi mtu.

Nisalimie shemeji Athumani, na umwambie sijamsahau kwamba ndiye anayemlipia Swafiya shule mpaka leo. Huyo ndiye msomeshaji wa kweli, kwa Kiswahili cha kule Kilifi. Nisalimie Maalim Bakari aliyenipa ubao wa kwanza chuoni, akiuliza kazi mwambie natafuta, asiulize zaidi. Shangazi Mwanakhamisi nibusie mikono yake, na kama bado ananiombea dua ya riziki, aongeze kidogo.

Sasa la mtoto. Umeniambia mkoba wake ameuweka mlangoni, hataki uguswe, na kwamba amewaaga wenzake. Usimwambie, "Mama yako hakuweza." Mwambie shule ilikosea neno. Ni kweli, na akiwa mkubwa nitamweleza ni neno gani. Ataudhika, kisha atautoa mkoba mlangoni yeye mwenyewe, usimtolee wewe.

Na jengine. Siku ile ulinisimulia, ukidhani utanifurahisha, kwamba siku hizi akikuita "mama" unamkatiza papo hapo, unamwambia, "Sema mama mkubwa. Mama yako ni Rukia." Nilikushukuru siku ile. Sasa nakuomba uache. Wewe ndiye unayemwamsha, wewe ndiye unayemsuka nywele, na kumwita mtu mama ni neno dogo sana kwa mtoto kulizuia mdomoni. Mimi nimeshaona linalompata mtu kwa kusahihishwa maneno. Akikuita mama, dada yangu, mwitikie.

Ndimi mdogo wako,
Rukia