Nilimsainia Ametoka

Kaka yangu,

Mama hajambo, na cherehani yake uliyoiulizia imetengenezwa.

Jumamosi mimi na shemeji yako tulipanda mlima wa jangwani. Wakati wa kushuka alisimama kufunga kamba za kiatu, akaniambia, "Tangulia, nakuja." Getini kuna daftari la wanaoingia na wanaotoka. Nilikuwa hoi, nikatusainia wote wawili kwamba tumetoka. Hakutokea.

Mlinzi ananionyesha daftari tu: "Dada, huyu alitoka. Labda amekukimbia." Leo Jumatatu, na hakuna aliyepanda kumtafuta.

Mama sijamwambia. Njoo, kaka, wewe watakusikiliza. Chupa zetu zote mbili za maji ziko kwenye mkoba wangu, na yake haijafunguliwa.

Mdogo wako