Haikuwa Jino, Nadine

Nadine, mdogo wangu,

Hii ni wiki ya nne tangu tukuzike. Mama hali chakula. Anaketi mlangoni akiitazama nyumba ya jirani yetu, Mama Goreti. Anasema huyo ndiye aliyekupa sumu, ulipokuwa ukila kwake, Mama akiwa safarini. Amewaambia wanawake wa kanisani. Unajua hapa Cibitoke, kwa vita hivi, neno kama hilo linaishia wapi.

Mimi najua haikuwa sumu. Jino lako lilipoanza kucheza, ni mimi niliyekupeleka kwa yule mng'oa meno wa sokoni. Damu haikukatika, shavu likazidi kuvimba. Nikakusukutulisha maji ya chumvi wiki tatu nzima. Mama alikuwa amekwama kwa shangazi, njia imefungwa, nami nikajifanya mkubwa. Nilipokufikisha hospitali, daktari alisema ni uvimbe wa taya unaoshika watoto, unakua haraka sana, na kama ningekuleta mapema...

Akaangalia karatasi zake.

Unakumbuka dawa ya kwanza? Haikupita wiki, shavu likashuka. Ulikula samaki mzima wa mukeke, ukalamba vidole, ukaniambia mimi mkubwa wako, "Yaya, niangalie muzuri, nimerudi kuwa Nadine." Niliamini. Kisha dawa ikaisha hospitalini, na kwa vikwazo hivi vya biashara nyingine haikuja. Uvimbe ukarudi, ukafunika hata jicho. Mdomo ukakataa kufunguka, nawe ukawa unaandika kwenye daftari la shule. Neno la mwisho uliloandika ni "njaa". Uji ulikuwa mkononi mwangu, Nadine. Haukupata pa kupita.

Mama alifika siku mbili kabla hujafa. Aliniuliza, "Ni nini imefanya mutoto wangu hivi?" Nikasema sijui. Hilo tu. Neno la sumu amelitafuta mwenyewe, kwa sababu mimi nilinyamaza.

Jana nyumba ya Mama Goreti ilipigwa mawe. Asubuhi hii nimemwona akifunga godoro kwa kamba, na hana pa kwenda.

Padri anasema umepumzika. Mimi sijui. Ninapofumba macho nakuona ukinionyesha daftari.

Nitamwambia Mama leo, kabla godoro halijatoka: maneno ya daktari, mng'oa meno, zile wiki tatu. Huenda asiniite tena mwanawe. Nakuahidi nitasema yote hata hivyo.

Kwaheri, mdogo wangu. Sikuombi unisamehe.

Yaya wako